Kuseti taimauti ya meseji kwenye Amazon SQS: mwongozo kamili, kuanzia kupima kazi mpaka kurudisha meseji zilizokwama

Mama mmoja, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nakitengenezea mfumo, alikuja dirishani mwisho wa mwezi na simu mkononi, akaninyooshea akasema mwanangu hebu nisomee hapa. SMS mbili, maneno yale yale, rejesho la TSh 45,000 limepokelewa, zote zimeingia 10:14. "Mmenikata mara mbili?" Hakukatwa mara mbili, tuliangalia leja pale pale akaiona kwa macho yake, ila alikuwa ameshapanda daladala kuja kuuliza, na nyuma yake walikuwa wamesimama watu wengine wanne wenye swali hilo hilo. Chanzo chote kilikuwa namba moja ambayo hakuna mtu kwenye timu aliyewahi kuigusa: sekunde 30.

Hiyo namba ndo tunaishughulikia hapa. Kwenye SQS (huduma ya foleni ya Amazon, yaani AWS, ambapo meseji ni kazi inayosubiri kufanywa, siyo SMS) inaitwa VisibilityTimeout, mi nitaiita taimauti ya kuonekana, na ile programu yako inayochota meseji kwenye foleni na kuzifanyia kazi nitaiita woka.

Inavyofanya kazi

Chukulia jiko la chipsi lenye wapishi wawili na ubao wa oda. Mpishi wa kwanza akichukua oda haing'oi ubaoni, anaifunika tu na kitambaa, na hicho kitambaa kinadondoka chenyewe baada ya muda mliokubaliana. Akimaliza kupika ndo anaing'oa. Sasa kitambaa kikidondoka yeye bado anageuza mayai, mpishi wa pili anaiona oda, anaanza kupika, mteja mmoja anapata sahani mbili.

SQS ni hivyo hivyo. Woka akichota meseji haiondoki kwenye foleni, inafichwa tu kwa muda wa taimauti, na woka mwenyewe ndo anatakiwa aifute kwa DeleteMessage akishamaliza. Asipoifuta muda ukaisha, meseji inaonekana tena na woka yeyote anaweza kuichukua. Na hii imefanywa makusudi kabisa, kwa sababu woka akizima katikati (umeme, memori imejaa, umepandisha toleo jipya la programu) kazi haipotei, inarudi ichukuliwe na mwingine. Kwa hiyo taimauti ikiwa fupi unapata kazi kufanyika mara mbili, ikiwa ndefu mno na woka akafa, meseji inakaa imefichwa muda wote huo hakuna anayeigusa wakati mteja anasubiri.

Usipoweka kitu unapewa sekunde 30. Unaruhusiwa kuanzia 0 mpaka sekunde 43,200, yaani masaa 12.

Kabla hatujaendelea, SQS ina mipangilio mingine mitatu ya muda na watu wanaichanganya sana na hii. Kuna DelaySeconds, meseji mpya inacheleweshwa kabla haijaonekana mara ya kwanza, mwisho dakika 15. Kuna ReceiveMessageWaitTimeSeconds, woka anasubiri kiasi gani foleni ikiwa tupu, mwisho sekunde 20 (weka 20, utapunguza maombi matupu unayolipia bure). Na MessageRetentionPeriod, meseji inakaa siku ngapi kabla SQS haijaitupa, kawaida siku 4, mwisho siku 14. Hizo zote hazitakuokoa kama tatizo lako ni SMS mbili mbili.

Hatua ya 1: pima kazi yako, usikisie

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na ndo watu wengi wanaparuka. Weka logi ya muda kwa kila meseji, mistari mitatu tu:

anza = time.monotonic()
fanya_kazi(meseji)
log.info("kazi imechukua sekunde %.1f", time.monotonic() - anza)

Iache ikimbie siku kadhaa, na lazima zijumuishe siku yenye presha kubwa, kwa chama kile ilikuwa mwisho wa mwezi, kwako inaweza kuwa Jumatatu asubuhi au siku ya mshahara. Alafu usiangalie wastani. Wastani utakwambia sekunde 6 na utafurahi, wakati kuna meseji 1 kati ya 100 inayochukua sekunde 25 kwa sababu geti la SMS (huduma ya nje inayotutumia SMS) limezidiwa. Panga muda wote kuanzia mdogo mpaka mkubwa, angalia zile za mwisho kabisa, hizo ndo unazitengenezea taimauti.

Sasa kuna kitu ambacho kilitupiga sisi na nimekikuta sehemu nyingine nyingi. SQS inakuruhusu kuchota meseji mpaka 10 kwa mkupuo mmoja, na ukichota 10, saa ya zote kumi inaanza kuhesabu palepale, haisubiri uifikie kila moja. Woka wetu alikuwa anachota 10 na kuzifanya moja moja, sekunde 6 kila moja. Fuatilia: ya kwanza inaisha sekunde ya 6, ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, ya tano sekunde ya 30. Ya sita hata haijaanza na muda wake umeshaisha, woka wa pili anaichota yeye, wa kwanza naye anayo tayari mkononi, wanaituma wote wawili kwa pamoja. Ya saba mpaka ya kumi ndo balaa hilo hilo. Ndo maana SMS za yule mama zote zilikuwa 10:14, hazikupishana hata dakika. Kila kazi moja moja ilikuwa ndani ya sekunde 30, ukipima moja huoni tatizo lolote.

Kwa hiyo kama unachota kwa mafungu na unafanya moja baada ya nyingine, muda wa kupima ni wa fungu zima. Au punguza fungu, MaxNumberOfMessages weka 1 kama kila kazi ni nzito, utalipia maombi mengi kidogo lakini utalala.

Hatua ya 2: chagua namba

Andika vipande vya kazi yako na muda wa juu wa kila kipande. Wetu ulikuwa hivi: kusoma databesi sekunde 2, kutengeneza PDF ya taarifa sekunde 8, kuipandisha sekunde 5, kuita geti la SMS sekunde 10, na kuita tena mara moja kama imegoma sekunde 10. Jumla 35. Ongeza nafasi ya kupumulia, mi huwa naweka karibu mara mbili ya muda mbaya zaidi, kwa hiyo hapo 70, tukaweka 75, huku tumeshusha fungu mpaka 1.

Ila hiyo hesabu ina maana tu kama kila mwito wa nje una ukomo wake kwenye kodi. Ukiita geti la SMS bila kuweka ukomo, kuna siku litakaa kimya dakika 5 na woka wako atalisubiri, na hapo hakuna taimauti ya foleni itakayokutosha. Kwenye Python maktaba ya requests haikuwekei ukomo wowote yenyewe, lazima uandike timeout=10 mwenyewe. Anza na hilo kabla ya kugusa SQS.

Na tafadhali usiweke masaa 12 eti uwe salama. Nimeona kodi ya hivyo. Woka akizima saa 3 asubuhi, meseji aliyoishika itaonekana tena saa 3 usiku, mteja ameshakata tamaa zamani.

Hatua ya 3: iweke kwenye foleni

Kwa kubonyeza: fungua SQS kwenye konsoli ya AWS, hakikisha upo kwenye rijoni sahihi (foleni ya Cape Town huioni ukiwa umefungua Ireland), bonyeza jina la foleni, bonyeza Edit, sehemu ya Configuration utaona Visibility timeout, andika namba, chagua Seconds, seivu chini kabisa.

Kwa tameno (dirisha la kuandika amri, na $FOLENI ni anwani ya foleni yako), kwanza angalia ilivyo sasa hivi:

aws sqs get-queue-attributes --queue-url $FOLENI --attribute-names VisibilityTimeout

alafu badili:

aws sqs set-queue-attributes --queue-url $FOLENI --attributes VisibilityTimeout=75

Mabadiliko yanaweza kuchukua mpaka sekunde 60 kusambaa, usishtuke ukijaribu haraka ukaona tabia ya zamani. Kama miundombinu yenu inaandikwa kwa Terraform badilisha kule, inaitwa visibility_timeout_seconds, kwa sababu ukibadili kwenye konsoli peke yake, siku mwenzako akirusha Terraform namba yako inarudi ya zamani kimya kimya na SMS zinaanza kutoka mbili tena.

Hatua ya 4: ione kwa macho

Tengeneza foleni ya majaribio, usifanye hili kwenye foleni ya kweli. Tuma meseji moja, alafu ichote kwa taimauti fupi ya mwito huo tu:

aws sqs send-message --queue-url $FOLENI --message-body "jaribio"

aws sqs receive-message --queue-url $FOLENI --visibility-timeout 20 --attribute-names ApproximateReceiveCount

Utaona meseji, ApproximateReceiveCount ni 1, na mstari mrefu wa herufi unaoitwa ReceiptHandle. Rudia amri hiyo hiyo haraka, hupati kitu. Subiri sekunde 20 ziishe, rudia tena, meseji ile ile imerudi, hesabu sasa ni 2, na ReceiptHandle ni mpya. Hapo kwenye upya wa ReceiptHandle pakazie macho. Hiyo ni risiti ya uchotaji, kila ukichota unapewa nyingine, na kufuta unatumia risiti ya mwisho. Woka aliyechelewa akijaribu kufuta kwa risiti ya zamani kwenye foleni ya kawaida, SQS inaweza kumjibu sawa, hakuna kosa lolote kwenye logi, na meseji isifutike. Tulipoteza siku nzima tukitafuta kosa ambalo halikuwahi kuandikwa popote.

Hatua ya 5: kazi ambazo muda wake hautabiriki

Kuna kazi leo sekunde 10 kesho dakika 20, kwa mfano kubadilisha video au kusoma faili la Excel ambalo mtu amelijaza mistari elfu hamsini. Hapo usirefushe taimauti ya foleni nzima, weka fupi kiasi, alafu woka awe anaongeza muda mwenyewe kadri anavyoendelea kwa ChangeMessageVisibility:

sqs.change_message_visibility(
    QueueUrl=FOLENI,
    ReceiptHandle=risiti,
    VisibilityTimeout=60)

Hiyo 60 inahesabiwa kuanzia sekunde uliyoita, haijumlishwi na iliyobaki. Ukiweka 60, ita kila baada ya sekunde 30 hivi ili hata mwito mmoja ukigoma una nafasi ya mwingine. Ila ukomo wa masaa 12 unahesabiwa tangu meseji ilipochotwa, na kuongeza muda hakuuanzishi upya, kazi ya zaidi ya hapo itafutie njia nyingine, igawe vipande vidogo au tumia Step Functions (huduma ya AWS ya kuunganisha hatua za kazi ndefu).

Hatari iliyopo ni hii: watu wanaweka huo mwito kwenye thredi ya pembeni inayozunguka milele. Kazi yenyewe ikiganda, thredi inaendelea kuongeza muda kwa bidii, na meseji inashikiliwa na woka ambaye hafanyi lolote. Mi napenda mwito ukae ndani ya kazi yenyewe, kila mistari 500 ya Excel ikiisha ndo unaongeza muda, kazi ikisimama muda nao unasimama. Kama lazima iwe thredi, iwekee idadi ya juu ya kuongeza.

Mwito huo huo ukiupa 0 unairudisha meseji foleni papo hapo. Inafaa woka anapozimwa kwa utaratibu, anarudisha alichonacho badala ya kuacha muda uishe. Lakini usiirudishe kwa 0 kila ikishindikana, kama geti la SMS limelala utaichota na kuirudisha mara tano ndani ya sekunde mbili, majaribio yote yameisha geti halijapata hata nafasi ya kuamka. Badala yake angalia ApproximateReceiveCount, mara ya kwanza rudisha na 30, ya pili 60, ya tatu 120, inazidi kupumzika kila ikigoma.

Hatua ya 6: foleni ya zilizoshindikana

Meseji mbovu (namba ya simu ina herufi, mkopo umeshafutwa) itarudi na kurudi mpaka siku zake ziishe. Tengeneza foleni ya pili, ile wanayoiita DLQ, alafu kwenye foleni kuu weka RedrivePolicy yenye maxReceiveCount. Mi naanza na 5. Usiweke 1, kwa sababu woka akizimwa mara moja tu wakati wa kupandisha toleo jipya, meseji nzima kabisa inatupwa kule kama mbovu.

Sasa piga hesabu: taimauti mara maxReceiveCount ndo muda wa chini zaidi meseji inayoachwa mpaka taimauti iishe itazunguka kabla ya kutua DLQ. Sekunde 75 mara 5 ni dakika 6 na kidogo, vizuri. Masaa 12 mara 5 ni masaa 60. Hiyo jumla ikizidi siku za kutunza meseji, meseji inatupwa na SQS kabla haijafika DLQ na hutajua kama iliwahi kuwepo. Na kwenye foleni ya kawaida, meseji ikihamia DLQ umri wake unaendelea kuhesabiwa tangu ilipotumwa mara ya kwanza, haianzi upya, kwa hiyo DLQ ipe siku 14 kabisa hata kama foleni kuu ina siku 4.

Ukiwa unatumia Lambda

Lambda ni huduma ya AWS inayokuendeshea kodi yako (funksheni) bila wewe kuwa na seva, na hapa kuna kanuni ya AWS wenyewe: taimauti ya foleni iwe angalau mara 6 ya taimauti ya funksheni. Funksheni sekunde 30, foleni 180. Ukiwa umeweka muda wa kukusanya mafungu, uongeze juu yake. Sababu ni kwamba Lambda ikizidiwa inarudishwa nyuma na kujaribu tena huku saa ya meseji inakimbia. Taimauti ya foleni ikiwa ndogo kuliko ya funksheni, AWS hata kuziunganisha itakukatalia. Washa na ReportBatchItemFailures ili meseji moja ikigoma kwenye fungu la 10 irudi hiyo moja, bila hiyo zinarudi zote kumi na zile tisa zilizokuwa zimeshafanyika zinafanyika upya.

Ukiwa na foleni ya FIFO

FIFO ni aina ya foleni inayotunza mpangilio, iliyotangulia ndo inatoka kwanza. Meseji ikiwa imeshikwa, meseji nyingine za kundi lake (MessageGroupId ile ile) zinasubiri nyuma yake. Taimauti ya dakika 30 na woka amekufa maana yake kundi zima limesimama dakika 30. Kwa hiyo kwenye FIFO kaza taimauti iwe fupi na utumie kuongeza muda, na kundi liwe dogo, kwa mfano namba ya mwanachama, usiweke kundi moja kwa mfumo mzima.

Hatua ya 7: linda kazi yenyewe

Hata ukiseti vizuri kila kitu, foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kukufikishia meseji angalau mara moja, haiahidi mara moja tu. Kuna siku itakuletea mbili. Kwa hiyo kabla ya kutuma SMS, andika kwenye databesi ufunguo wa kazi hiyo, sisi tunatumia namba ya rejesho, kwenye jedwali lenye sharti kwamba haujirudii. Kuandika kukigoma kwa sababu upo tayari na hali yake ni imetumwa, futa meseji nenda zako. Weka hali mbili, inatumwa na imetumwa, pamoja na saa, ili woka akifa katikati mwingine ajue aendelee au aache. Kwenye SMS mara mbili inaudhi, kwenye kutoa hela mara mbili ni msiba, na huu ufunguo ndo unaokulinda hapo.

(Mkitumia Google Pub/Sub wazo ni lile lile, kule ni muda wa kukiri kupokea, kawaida sekunde 10 na mwisho 600. Azure Service Bus wanafunga meseji kwa mpaka dakika 5 na unaweza kuongeza. Hatua ya 1, 2 na ya 7 zinabaki vilevile.)

Hatua ya 8: kaa ukiangalia

Kwenye CloudWatch (sehemu ya AWS ya vipimo na alamu) fungua grafu ya ApproximateNumberOfMessagesNotVisible, ndo meseji zilizoshikwa sasa hivi, ikipanda bila kushuka kuna woka wanashika hawafuti. Weka NumberOfMessagesReceived na NumberOfMessagesDeleted kwenye grafu moja, zikiachana sana, zinachotwa 1,000 zinafutwa 600, meseji zinajirudia, punguza fungu au ongeza taimauti. Alamu weka mbili, ApproximateAgeOfOldestMessage ikizidi dakika ambazo mteja wako anaweza kuvumilia, na DLQ ikiwa na meseji hata 1.

Alamu ya DLQ ikilia, usikimbilie kuzirudisha. Fungua moja uisome, rekebisha kodi au data, pandisha, jaribu kwa meseji moja, alafu ndo uzirudishe zote kwenye foleni yake ($DLQ_ARN ni kitambulisho cha DLQ yako kwenye AWS):

aws sqs start-message-move-task --source-arn $DLQ_ARN --max-number-of-messages-per-second 5

Hiyo 5 iweke, maana bila kikomo zinaweza kumwagika zote kwa mkupuo na geti la SMS likazidiwa tena, na zitarudi DLQ pale pale ulipozitoa.